Kamba Inayokimbia Mvua

Ukitaka kumjua dobi, usimtazame wakati anafua. Mtazame wakati wingu linatanda.

Dobi huyu ninayemsimulia alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu. Lakini tone moja la mvua likimdondokea puani, jamani, humtambui tena. "Mvuaaa!" Hapo mkewe huacha pasi, mama mkwe wake huweka kikombe cha chai chini, na wote watatu hutimka mbio uani. Huyu anavuta mashuka, yule amekumbatia suruali za watu, wa tatu gauni limemfunika kichwa haoni anakokwenda. Vibanio vinaruka kila upande. Mbuzi wa mama mkwe naye hukimbia pamoja nao, ingawa hakuna aliyemtuma.

Mke wa Dobi mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Kazi yake ilikuwa kunyoosha nguo, na pasi yake ya mkaa haikupoa tangu asubuhi mpaka jioni. Ulimi wake nao haukupoa.

Siku moja mvua ilikuja bila hata kupiga hodi. Mama Pasi alikimbia na mzigo wa sare nyeupe za hoteli. Akakanyaga povu la sabuni. Miguu ikaenda juu, yeye akaenda chini, sare zikaenda kwenye tope. Aliumia nyonga vibaya. Hoteli nayo ikahamisha sare zake kwa dobi mwingine, na ile ndiyo iliyokuwa kazi yao kubwa.

Jioni Dobi alikaa kando ya kitanda, anamkanda mkewe nyonga kwa maji ya moto. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Hutakimbia tena mke wangu," alisema. "Nitatengeneza kamba inayokimbia yenyewe."

"Utaiwekea na viatu?" aliuliza Mama Pasi. Alicheka, kisha akaguna kwa maumivu.

Lakini Dobi hakuwa anatania. Alikuwa na mkono wa ufundi. Alichukua kamba ya nguo akaipitisha kwenye magurudumu madogo mawili, yale ambayo mafundi huyaita makapi. Kapi moja alilifunga kwenye nguzo, mwisho wa uwanja. La pili alilifunga chini ya paa la kibanda. Upande wa kibanda akaning'iniza ndoo ya mchanga. Ndoo ikianguka, kamba inavutwa, na nguo zote zinateleza mpaka chini ya paa.

"Na nani ataiangusha hiyo ndoo?" aliuliza Mama Pasi.

"Wewe."

"Nimekimbia sana, sasa unataka niangushe ndoo?"

"Basi mama ataiangusha."

Mama mkwe alitikisa kichwa. "Mimi mvua ikinyesha huwa nimelala, mwanangu. Nakimbiaga ninyi mkinipigia kelele tu."

Jibu lilitoka jikoni. Mama Pasi alikuwa amesahau kibakuli cha chumvi dirishani. Manyunyu yakaingia. Alipokuja kukichukua, akasimama akakitazama.

"Mume wangu, hebu njoo. Chumvi imekwenda."

"Kanunue nyingine."

"Wee, tazama vizuri! Ni matone machache tu, na donge zima limelainika. Hiyo ndoo yako, si uizuie kwa chumvi?"

Dobi alimtazama mkewe. Akatazama kibakuli. Kisha akatoka mbio bila viatu.

Aliigandamiza chumvi mpaka ikawa bapa kama biskuti. Akaiweka ndani ya kikombe chenye matundu chini. Juu ya chumvi akasimamisha kijiti, na kijiti ndicho kilichoizuia ndoo isianguke. Juu ya yote akaweka beseni lenye tundu, likusanye matone na kuyamimina kwenye chumvi. Mvua ikianza tu, chumvi inalainika, kijiti kinazama, ndoo inaanguka.

Mvua ya kwanza ilipokuja, wote watatu walisimama barazani wamekunja mikono. Nguo zilitingishika kidogo. Kisha fyuuu! Zikaenda zote chini ya paa, shuka mbele, soksi nyuma. Mama mkwe alipiga vigelegele. Mama Pasi alimkumbatia mumewe, na nyonga ikauma, na hakujali.

Kesho yake, saa sita mchana, jua linawaka, nguo zikakimbia tena.

"Kulikoni?" Dobi alitoka mbio. Mbuzi alikuwa amepanda juu ya pipa, kichwa kaingiza kwenye kikombe, analamba kwa raha zake.

Sauti ikatoka ng'ambo ya ua. "Jirani! Hizo nguo zinakimbia nini na jua lote hili?"

Alikuwa mwanamke mmoja mwenye miwani, aliyehamia nyumba ya pili hivi karibuni. Kila asubuhi alitoka na mkoba wake, akasema anakwenda ofisini. Ofisi gani, hakuna aliyemuuliza.

"Upepo!" alijibu Dobi.

Hapakuwa na upepo. Hata jani halikutikisika.

Tangu siku hiyo Dobi alishikwa na wasiwasi. Aliamini ulimwengu mzima unainyemelea kamba yake. Aliuzungushia uwanja mashuka ya wateja ili watu wasione. Ikawa nguo zimefichwa na nguo. Akachukua rangi nyekundu, akaandika ukutani kwa herufi kubwa: MARUFUKU KUIGA. Wapita njia wakasoma, wakaulizana wasiige nini, kwa maana walichokiona ni ukuta tu.

Kisha akamkalisha mama mkwe wake chini.

"Mama, hili jambo usilitoe nje."

"Hata kwa muuza mkaa?"

"Hata kwa muuza mkaa."

"Mwanangu, unataka nife?"

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno. Habari ya mtaani ilianza kwake au ilipita kwake. Sasa ikabidi ameze kubwa kuliko zote. Alikaa barazani anajipepea, mashavu kajaza, kama mwenye maji mdomoni. Watu wakimsalimu, anaitikia kwa kichwa. Wakadhani jino linamuuma.

Uvumi ulizuka hata hivyo, kwa sababu ya chumvi. Dobi alinunua chumvi kila siku, pakiti kwa pakiti. Mwenye duka akauliza ni ya nini. Dobi akajibu, "Ya kula tu." Mtaa ukafanya mkutano. Wengine wakasema ana ugonjwa wa ajabu. Wengine wakasema anakausha nyama ya wizi nyuma ya yale mashuka. Wateja wawili wakaja kuchukua nguo zao kabla hazijafuliwa.

Jioni moja yule jirani mwenye miwani alichungulia juu ya ua. "Ndugu yangu, nina neno na wewe kuhusu ile kamba."

"Hakuna kamba hapa," alisema Dobi. Mkononi ameshika kamba.

"Si hiyo hapo?"

"Hii? Hii ni... nimeiokota."

Akaenda kuongeza shuka jingine upande ule wa jirani. Mama Pasi aliona aibu mpaka masikio yakamwasha moto.

"Mume wangu, kazi inakimbia kuliko hiyo kamba," alimwambia. "Hoteli imekwenda, wateja wanakwenda. Chombo unacho. Kwa nini tusikiuze?"

"Nikikionyesha, wataiba."

"Na usipokionyesha, nani atanunua?"

Dobi alikuna kichwa. Swali lilikuwa gumu kweli. Alilifikiria usiku kucha, na asubuhi akaja na jibu ambalo hakuna binadamu mwingine angelifikiria.

Pale mtaani alikuwepo mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Alitembea na futi ya chuma kiunoni, na kila alichokiona alikipima: milango, meza, hata watoto. Watu wakamwita Bwana Futi. Dobi alimkaribisha aje aone chombo, na ikiwezekana akiuze dukani kwake.

Bwana Futi alikuja amevaa suti. Alipima baraza, akapima kiti, ndipo akakaa.

"Haya, nionyeshe."

"Nitakuonyesha," alisema Dobi. "Lakini kwanza fumba macho."

"Nifumbe macho?"

"Ndiyo."

"Sasa nitaonaje?"

"Utafumbua mambo yakishakwisha."

Mama Pasi alitamani ardhi ipasuke. Bwana Futi alifumba macho. Dobi akamimina maji kwenye beseni. Fyuuu! Nguo zikaenda.

"Fumbua!"

Bwana Futi alifumbua. Aliona nguo chini ya paa. "Zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa kule!"

"Mimi nitajuaje kama zilikuwa kule? Mzee, umeniita nije nione au nije nisinzie?" Alisimama, akafuta suti yake. Lakini Mama Pasi aliona jambo. Akiwa anatoka, Bwana Futi aligeuka kidogo akaitazama ile ndoo, na tabasamu likampita usoni. Mama Pasi akakumbuka: yule bwana alifumba jicho moja tu vizuri. La pili lilikuwa na mwanya.

Haikupita muda, mtaa ukajaa matangazo. Bwana Futi anafungua duka la pili. Kutakuwa na muziki, kutakuwa na zawadi, na kutakuwa na "kamba ya ajabu inayoanua nguo yenyewe".

Dobi alipolisoma tangazo, aliingia ndani akakaa juu ya kapu la nguo chafu. "Nimekwisha," alisema. "Nyonga yako imeumia bure. Kazi imetuponyoka bure. Sasa kamba ni yake."

 Hofu ilimshika Mama Pasi naye. Ile kamba ndiyo iliyokuwa imebaki. Bila hiyo, ingewabidi wafunge kazi, kwa maana yeye hawezi tena kukimbia na hoteli haitaki tena kusikia. Akajifunga khanga, akatoka, akaenda moja kwa moja kugonga kwa jirani mwenye miwani.

"Dada, samahani kwa yale mashuka. Ulisema una neno. Lilikuwa neno gani?"

"Hatimaye!" alisema jirani. "Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya kusajili uvumbuzi."

Mama Pasi alikodoa macho. "Ile ofisi ipo?"

"Ipo. Na mtu anayehitaji kuja kule ameniwekea shuka usoni."

Alikuja. Dobi alimwona akiingia, akasimama kuficha kikombe cha chumvi mgongoni.

"Acha tu, ndugu yangu," alisema jirani. "Mbuzi wenu analamba pale kila siku. Sihitaji miwani kujua ni chumvi. Na usiogope, sisi pale ofisini tunafungwa na siri za watu."

Dobi alikitoa kikombe polepole. "Bwana Futi ataiiba kamba yangu. Mbona niliandika ukutani?"

"Ukuta haulindi kitu. Kuna haki inayoitwa hataza. Ni haki anayopewa mvumbuzi na serikali. Ukiwa nayo, kwa miaka kadhaa mtu mwingine haruhusiwi kutengeneza wala kuuza uvumbuzi wako bila ruhusa yako."

"Kama hakimiliki ya wanamuziki?"

"Hapana. Hakimiliki ni ya nyimbo, vitabu, picha. Chombo kama hiki kinataka hataza. Lakini lazima kiwe kipya. Ukishakionyesha hadharani na watu wakaelewa kinavyofanya kazi, nchi nyingi zitakwambia si kipya tena. Wewe umemwonyesha nani?"

Jasho lilimtoka Dobi. "Bwana Futi. Lakini... nilimwambia afumbe macho."

Jirani alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Nilikuona kutoka dirishani kwangu, juu ya hayo mashuka! Nikasema, huyu mtu ana wazimu. Kumbe wazimu wako umewaokoa. Aliona nini?"

"Kamba," alisema Mama Pasi. "Na pengine kitu cheupe."

"Basi hajui kitu hicho ni nini. Siku nyingine, ukilazimika kumwonyesha mtu kabla ya kusajili, msifumbane macho. Mwandikishane mkataba wa kutunza siri, naye atie sahihi. Sasa kesho asubuhi wahini. Mara nyingi anayetangulia kupeleka maombi ndiye anayetangulia kwenye haki."

"Hata akiwa mwizi?" aliuliza Dobi.

"Mwizi unaweza kumpinga. Lakini kesi ni ndefu, na ni juu yako kuthibitisha. Kwa nini ujitafutie maradhi?"

Mama mkwe, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, alitoa pumzi. "Sasa naweza kusema?"

"Bado, mama!" walisema wote kwa pamoja.

Asubuhi walikuwa mlangoni kabla ofisi haijafunguliwa. Jirani aliwapeleka kwa wakala, mtaalamu anayesaidia watu kuandika maombi, kwa maana yeye mwenyewe kazi yake ni kupokea na kuelekeza tu. Dobi alitoa mchoro wake, aliouchora nyuma ya kalenda.

Wakala aliugeuza juu, akaugeuza chini. "Huyu kuku ni wa nini?"

"Si kuku. Ni ndoo."

Waliuchora upya. Kisha wakala akauliza, "Kipya hapa ni nini? Kamba ni ya zamani. Kapi ni la zamani. Hivyo havitakuwa vyenu, hata mkilia."

"Chumvi," alisema Dobi kwa fahari. "Chumvi inayoiachia ndoo."

"Sawa. Nikiandika chumvi, na mtu akaweka sukari, je?"

 Mama Pasi alimwona Bwana Futi akilini mwake, na lile jicho lenye mwanya.

"Usiandike chumvi peke yake," alisema. "Andika kitu chochote kinacholainika kwa maji. Chumvi iwe mfano."

"Mama, umewahi kufanya kazi hii?" aliuliza wakala.

"Mimi napiga pasi."

Wakala aliandika. Halafu akainua kichwa. "Jina la mvumbuzi?"

"Mimi," alisema Dobi.

Mama Pasi alitazama mikono yake.  Ilimuuma, ilimuuma kuliko nyonga. Kilikuwa kibakuli chake, lilikuwa dirisha lake, na wazo lilitoka kinywani mwake.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. "Ngoja," alisema Dobi. Uso ulikuwa umemshuka. "Kamba nimefunga mimi. Chumvi ni ya mke wangu. Bila yeye ningekuwa na ndoo ya mchanga tu. Andika wawili."

"Vizuri umesema," alisema wakala. "Kumwacha mvumbuzi wa kweli ni kosa, na huweza kuja kuyaharibu maombi."

Mama Pasi alijifanya anapangusa vumbi machoni. Hapakuwa na vumbi. Walitoka na stakabadhi yenye mhuri na tarehe, na njia nzima Dobi alimshika mkono.

Siku ya duka la Bwana Futi, mtaa mzima ulifika. Muziki ulipigwa. Mbele ya duka kamba ilikuwa imefungwa, na juu yake mashuka meupe mapya. Dobi na mkewe walisimama nyuma, mama mkwe katikati yao, mdomo kaufunga kwa mtandio.

"Mabibi na mabwana!" alitangaza Bwana Futi. "Fumbueni macho! Kwangu hakuna kufumba!" Watu wakacheka. Akapanda ngazi na kopo la kumwagilia bustani, akaanza kunyunyiza maji.

Kamba haikwenda. Akaongeza maji. Kamba bado. Badala yake povu likaanza kutoka kwenye nguzo. Kwanza kidogo, kisha la kutosha kuoga. Likatiririka kwenye kamba, likashuka kwenye mashuka, likafika kwenye viatu vyake.

"Mungu wangu," alinong'ona Dobi. "Ameweka sabuni!"

Bwana Futi aliona kitu cheupe nyumbani kwa dobi. Sasa nyumbani kwa dobi, kitu cheupe kitakuwa nini kama si sabuni?

"Subirini, inakuja!" alipiga kelele Bwana Futi. Akasogea chini ya kamba kutazama. Wakati huohuo kipande cha sabuni kikachomoka. Jiwe alilolitundika badala ya ndoo likaanguka kwa kishindo. Mashuka yote yakaja mbio kwa pamoja, yakamkumba, yakamviringisha, na yeye akapotea ndani. Ikabaki futi peke yake inachungulia nje. Watu walivunjika mbavu. Mama mkwe alikaa chini, mtandio mdomoni, machozi yanamtiririka.

Jioni Bwana Futi alipiga hodi kwa Dobi. Sikio moja lilikuwa bado na povu.

"Tusizungushane," alisema. "Ni sabuni ya aina gani?"

Dobi akafungua mdomo. Mama Pasi akamfinya.

"Karibu ukae, Bwana Futi. Si sabuni."

"Ni nini basi?"

"Tutakwambia, maana sasa hatuogopi. Maombi yetu ya hataza yameshapokelewa, na tarehe yetu imekutangulia. Yamesema kitu chochote kinacholainika kwa maji. Kwa hiyo sabuni yako imo."

Bwana Futi alifikiri. "Na sukari?"

"Imo."

"Na unga wa..."

"Bwana Futi, hata ukiweka mkate, umo."

 Bwana Futi akaifungua futi kiunoni, akaiweka mezani, kama mtu anayesalimisha silaha. "Nisameheni. Nilifanya vibaya. Mimi nina karakana na maduka, ninyi mna akili. Tufanyeje?"

Jirani alikuwa ameshawaeleza hilo. Hataza ikishatoka ni kama kufuli. Inazuia wezi, lakini haileti wateja. Wateja unawatafuta mwenyewe, au unampata mwenye duka, unampa leseni, yaani ruhusa ya kutengeneza na kuuza, naye anakulipa kwa kila kimoja kinachouzwa. Wakala alipitia mkataba wao na Bwana Futi neno kwa neno kabla hawajaweka sahihi. Dobi alitaka kusaini papo hapo kwa furaha, mkewe akamnyang'anya kalamu mpaka usomwe wote.

Na hawakuuza kamba ile ile. Mama Pasi aliwauliza wateja waliokuja kuchukua nguo. Mmoja akamwambia, "Mimi sina uwanja, mama. Nina kibaraza cha kugeukia tu." Mwingine akasema ndoo ya mchanga inamtisha, ana watoto. Kwa hiyo wakatengeneza ya kibarazani, fupi, yenye uzito mdogo uliofichwa ndani ya bomba. Kikombe cha chumvi wakakifunika kwa wavu, na hilo lilikuwa kwa ajili ya mbuzi. Wakakaa kutafuta jina la kuandika kwenye kasha. Dobi alitaka "Mashine ya Kisasa ya Kuanulia". Mama Pasi akasema, "Nani atalimaliza hilo? Iite Kaa Utulie." Wakalisajili na jina pia, liwe alama yao ya biashara, asije mtu akauza takataka zake kwa jina hilo.

Kilichobaki ni kuwafikishia watu habari. Bwana Futi alianza kupiga hesabu ya matangazo na vipaza sauti. Dobi akamsimamisha. Alitoka barazani, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamfungua mtandio mdomoni kwa adabu.

"Mama. Sasa sema."

"Yote?"

"Yote."

Bibi wa watu alitoka na kandambili moja mguuni. Alianza kwa muuza mkaa. Alipofika sokoni alikuwa ameshachukua oda, na jioni watu walipanga foleni uani kutazama. Dobi aliyavua mashuka yote aliyoyazungushia uwanja kwa mkono wake, akaanza na lile la upande wa jirani.

Hataza yenyewe ilichukua muda mrefu kutoka, kama jirani alivyowaonya, na waliingoja kwa subira. Hoteli haikungoja hivyo. Meneja alinunua kamba za kuweka juu ya paa lake, kisha akarudisha na sare, kwa aibu kidogo.

Alasiri moja Mama Pasi alikuwa kwenye meza yake, ananyoosha kola. Uwanja ulikuwa umejaa sare nyeupe. Ghafla bati likalia: ta, ta, ta.

"Mvuaaa!" alipiga kelele, akatupa pasi, akageuka kukimbia. Nyonga ikamkumbusha. Kule nje ndoo ikaanguka, na sare zikapita mbele ya dirisha moja baada ya nyingine, kavu, zinakwenda zao chini ya paa.

Dobi alikuwa mlangoni na vikombe viwili vya chai. Alimvutia kiti.

"Mke wangu," alisema, "kaa utulie."

Mama Pasi alikaa. Alinywa chai yote ikiwa ya moto, huku mvua inanyesha, na hakuinuka.